Kisigino changu, tangu mimba ya miezi mitano hadi mtoto alipotembea

Ilianza alfajiri moja, mimba ikiwa na wiki 22. Niliamka kuwasha jiko, nikashusha mguu wa kulia chini, na kabla sijasimama sawasawa nikajikuta nimekaa tena kitandani. Nilidhani nimekanyaga kigae cha chupa. Nikainua unyayo, nikaumulika kwa tochi ya simu, nikaupapasa kote. Hakuna damu, hakuna mwiba, ngozi ni nzima. Nikajaribu tena, safari hii nikitanguliza vidole, nikaenda hivyo hivyo kwa ncha ya mguu hadi jikoni. Baada ya dakika kama kumi maumivu yakalegea, yakabaki kama jipu linalotaka kuiva ndani ya kisigino. Nikajiambia mguu ulilala vibaya. Kesho yake yakarudi, keshokutwa yakarudi, na mimi nikaendelea kujiambia hivyo hivyo kwa wiki nane.

Kinachonifanya niandike ni hizo wiki nane. Kliniki nilikuwa nahudhuria kila tarehe niliyopangiwa. Napimwa presha, damu, mkojo, uzito, tumbo linapimwa kwa utepe, na kila mara nesi ananiuliza, "Mama, una tatizo lingine lolote?" Najibu, "Hapana, niko salama." Kichwani mwangu kliniki ilikuwa ya mtoto. Niliona aibu kumchelewesha mtu kwa habari za kisigino wakati kwenye benchi kuna kina mama wenye presha na wengine wanatoka damu. Laiti ningesema siku ile ya kwanza, sidhani kama ningefika nilikofika.

Sisi tunakaa Mabatini, kule mlimani. Anayeijua Mwanza anaelewa maana yake: nyumba zimepandiana juu ya mawe, na ukishashuka daladala barabarani safari yako ndiyo kwanza inaanza. Hadi mlangoni kwetu kuna ngazi 91. Nazijua idadi yake kwa sababu kuna kipindi nilizihesabu kila siku jioni, moja baada ya nyingine, nimeshika ukuta wa jirani. Nyingine ni za saruji, nyingine ni jiwe lenyewe lililolainishwa na miguu ya watu. Bodaboda haifiki. Maji yakikatika ndoo inapanda kichwani. Na kazi yangu ni ualimu, shule ya msingi upande wa Nyakato, darasa lenye watoto zaidi ya 90, sakafu ya saruji, na mimi nilizoea kufundisha nimesimama kutwa nzima kwa sababu ukikaa watoto wa nyuma wanaanza yao.

Viatu vyangu vilikuwa simpo nyeusi, bapa kama karatasi. Nyumbani ndala zilizolika hadi ukiweka kidole unaona mwanga. Mimba yangu ya kwanza nilivaa hivyo hivyo na sikupata shida, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuvishuku. Ila mimba ya kwanza nilikuwa na miaka 26 na tulikuwa tunakaa tambarare, Buhongwa. Hii ya pili nilianza nikiwa na kilo 70 na nikamaliza na 85.

Watu walikuwa na majibu mengi. Kwenye ofisi ya walimu niliambiwa ni upungufu wa madini, mtoto anakula mifupa yangu, nile dagaa. Dagaa nilikula sana, na dagaa ni chakula kizuri kwa mjamzito, lakini kisigino hakikusikia. Jirani mmoja aliniambia nimekanyaga kitu nilichowekewa njiani, na kwamba kuna bibi anachanja. Sikwenda, ila nakiri kuna usiku niliifikiria hiyo chale. Mwingine akanishauri nishuke ziwani jioni nikaloweke miguu na kutembea peku kwenye mchanga. Hilo nililifanya, mara nne. Maji yalikuwa ya baridi na yalipoza kweli, ila mchanga laini unauacha unyayo uzame na kujivuta, na usiku wake ndio nilikuwa naumia kuliko siku nyingine. Baadaye nesi aliposikia aliniuliza kama sijui kuna kichocho kwenye maji ya ufukweni. Nilijua, nimewafundisha watoto darasani jinsi vijidudu vinavyotoka kwenye konokono na kupenya ngozi. Maumivu yanakusahaulisha hata unachokifundisha. Kama unataka kupoza miguu, weka maji ya bomba kwenye beseni.

Sasa nije kwenye kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka moyo unanienda mbio.

Wiki ya 29 kulikuwa na mitihani na nilisimamia siku tatu mfululizo. Mwalimu mwenzangu, kwa nia njema kabisa, akanipa vidonge viwili vya diklofenaki. Vilifanya kazi. Jioni ile nilipanda ngazi zote bila kupumzika. Kesho yake nikaingia duka la dawa, nikanunua kipande kizima cha vidonge kumi kwa shilingi 1,000. Hakuna aliyeniuliza nina mimba ya miezi mingapi, na tumbo lilikuwa mbele ya kaunta. Nikameza kimoja asubuhi kimoja jioni. Kilipoisha nikanunua kingine.

Kliniki iliyofuata nesi akauliza kama kuna dawa yoyote natumia nje ya zile za kuongeza damu. Nikasema, "Hizi tu za mguu," nikatoa kile kipande kwenye pochi. Akaweka kalamu chini. Akakichukua, akakisoma nyuma, akahesabu matundu yaliyokwisha kutobolewa. Kisha akanieleza taratibu, bila kunifokea, kwamba dawa za jamii hiyo, diklofenaki na ibuprofeni zikiwemo, mjamzito hapaswi kujinunulia, hasa kuanzia wiki ya 20. Zinaweza kuathiri figo za mtoto hadi maji yanayomzunguka yapungue, na miezi ya mwisho zinaweza kuziba mapema mshipa mmoja karibu na moyo wa mtoto ambao unatakiwa kujifunga baada ya kuzaliwa.

Nilipelekwa utrasaundi siku ile ile. Nilikaa kwenye benchi saa nzima nikisubiri kuitwa, nikiweka mkono tumboni kusikiliza kama anacheza. Anacheza, lakini sikuyaamini hata mateke yake. Maji yalikuwa ya kutosha na mapigo ya moyo yalikuwa sawa. Nikatoka nje nikalia nikiwa nimesimama pembeni ya mti, mguu unauma na mimi siujali tena. Nikaambiwa nikizidiwa nimeze parasetamo, kwa kiasi walichonielekeza na kwa siku chache tu, na kila kitu kingine kiulizwe kwanza.

Siku hiyo ndiyo nilisema habari ya kisigino kwa mara ya kwanza. Daktari alinibonyeza kwa kidole gumba chini ya kisigino, upande wa ndani, pale mfupa unapoishia. Nilirusha mguu, nusura nimpige. Akasema chini ya unyayo kuna utepe mpana na mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino kwenda hadi kwenye vidole, ndio unaoshikilia upinde wa mguu. Utepe huo ukivutwa kupita kiasi kila siku unachanika kidogo kidogo pale unapojishikiza. Usiku umepumzika unakaza, asubuhi ukikanyaga unavutwa kwa ghafla, na ndiyo maana hatua ya kwanza inaumiza kuliko zote. Wenyewe wanaiita planta fashaitisi. Kwa mjamzito mambo yanakutana: uzito umeongezeka, tumbo limebadilisha unavyosimama, na homoni zinazolegeza nyonga kwa ajili ya kujifungua zinalegeza na viungo vya miguu, upinde unashuka. Nilipotazama alama ya mguu wangu wenye maji kwenye sakafu ya bafuni kwetu, niliona kweli: unyayo mzima ulikuwa umejichora, pale katikati palipokuwa na tumbo la mwezi pamejaa.

Kabla hajaniachia alinipima presha tena na kunitazama miguu yote miwili, na alichoniambia hapo nakiweka hapa kama alivyokisema. Miguu kuvimba jioni na kupungua ukiinyanyua ni jambo la kawaida kwa wajawazito wengi. Ila uso na mikono vikivimba ghafla, kichwa kikiuma kisichotulia, macho yakiona ukungu au vimulimuli, tumbo likiuma juu chini ya mbavu, usingoje tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo, kwa sababu hizo ni dalili za presha inayoweza kuleta kifafa cha mimba. Presha ikifika 140 kwa 90 si ya kurudi nayo nyumbani bila kuonwa. Na mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, shavu la mguu likauma, likawa la moto au jekundu, usiruhusu mtu aukande kwa mafuta. Inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa. Hayo yote yanaweza kutokea hata baada ya kujifungua, wiki sita za mwanzo zikiwa na hatari kubwa. Mimi nilikuwa sijui kwamba kifafa cha mimba kinaweza kuja wakati mimba haipo tena.

Kuanzia hapo hadi kujifungua nilihangaika na viatu kuliko kitu kingine chochote. Nilikwenda Mlango Mmoja kwenye mitumba, nikamwambia kijana muuzaji nataka raba, sitaki jina, nataka ya kisigino changu. Daktari alikuwa amenionyesha jinsi ya kukijaribu kiatu na nikafanya vile vile pale kwenye turubai. Kishike kwa mikono miwili, mbele na nyuma, ukikunje: kinatakiwa kikunjike penye vidole, siyo katikati ya soli. Kikikunjika katikati kama chapati, kiache. Kisha kinyonge kama unakamua nguo, kizuri kinakataa. Bonyeza nyuma kwenye kisigino, pawe pagumu. Na kwa kuwa ni mtumba, kiweke juu ya kitu kilichonyooka ukitazame kwa nyuma, maana mwenye kiatu wa kwanza anaweza kuwa amekilalisha upande mmoja, na wewe ukikivaa utalala naye upande huo huo. Nilikataa jozi sita. Ya saba ilianzia shilingi 28,000, nikaipata kwa 22,000. Namba 40, wakati maisha yangu yote nimevaa 39. Nikavaa na sare ya kazini, gauni la kitenge na raba, na mwalimu mkuu hakusema neno.

Kiti nilikiomba pia. Niliogopa kuomba, nikidhani nitaonekana naikwepa kazi, kumbe ilichukua dakika mbili. Niliwahamisha watoto wasumbufu mbele na nikafundisha nimekaa, nikisimama kwa ubao tu.

Na kuna jambo moja la kitandani ambalo ningetamani kila mwenye tatizo hili alijue usiku wa leo. Kanga ikunjwe kwa urefu na ilazwe karibu na mto. Ukiamka, kabla hujashusha mguu, nyoosha goti, pitisha kanga chini ya vidole, vuta vidole vije kwako hadi usikie unyayo na nyuma ya mguu vinavutika. Hesabu kumi taratibu, legeza, rudia mara kumi. Ndipo uvae kiatu kilichokusubiri hapo hapo chini ya kitanda, siyo ndala iliyolika, na usimame. Usikanyage sakafu peku hata kwa hatua tatu za kwenda kuwasha taa.

Nilijifungua salama wiki ya 39, mtoto wa kiume, kilo 3.4. Niliamini kwa moyo wote kwamba maumivu yataondoka na kondo la nyuma. Kila mtu alikuwa ameniambia hivyo: "Ukijifungua tu, yanaisha." Kwa wengine huenda ndivyo. Kwangu mimi miezi mibaya zaidi ilikuwa mbele.

Mama mkwe alivuka kutoka Nansio, Ukerewe, kuja kunilea. Alikuja na samaki wakavu, mihogo, na upendo ambao sitausahau. Kila asubuhi na jioni nilikandwa kwa maji ya moto, uji ulikuwa hauishi, na sikuruhusiwa kushuka zile ngazi hadi arobaini. Nilipumzika kazi, ndiyo. Lakini ndani ya nyumba nilikuwa peku. Kwetu mzazi havai raba ndani, na hata mimi mwenyewe niliona haifai mbele ya mama mkwe. Siku 40 za sakafu ya saruji, mtoto mkononi, huku na huku nikimbembeleza. Ile raba ilikaa juu ya kabati imefunikwa gazeti. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa, kwa sababu sikumwambia kuwa nina mguu mbovu. Nilisema naumwa miguu kidogo tu, naye akanikanda.

Usiku ndio ulikuwa mtihani. Mtoto ananyonya mara nne, mara tano, na kila ninapoamka baada ya kulala ni asubuhi mpya kwa kisigino. Hatua ya kwanza niliyokuwa naipata mara moja kwa siku sasa naipata mara tano. Nilijifunza kwenda kwa kushika ukuta. Mara nyingine nilitambaa kwa magoti kwenda kumchukua. Wiki ya tano, saa tisa usiku, nilikuwa nimembeba, nikaukanyaga ule mguu vibaya, goti likakatika kwa maumivu nikaanguka upande kwenye ukingo wa kitanda. Sikumwachia. Alilia kwa mshtuko tu. Lakini bega langu lilivilia damu wiki nzima, na mume wangu akaamka akatukuta chini, mimi nimemkumbatia mtoto naogopa kumtazama kichwa.

Hapo ndipo niliposema yote, kwake na kwa mama mkwe. Nilisema kwa hasira, kwa sauti ambayo sikuwahi kumtolea mume wangu, kwamba amelala miezi yote hii pembeni yangu akiniona natambaa. Alinyamaza. Kisha akasema, "Mbona ulikuwa unasema uko salama?" Sikuwa na jibu, kwa sababu hata yeye nilimjibu kama nilivyokuwa namjibu nesi. Kesho yake alileta kitanda chetu karibu na ukuta, akamhamishia mtoto upande wake, na tangu usiku ule yeye ndiye aliyekuwa akimnyanyua na kuniletea. Mama mkwe kwa upande wake aliishusha raba kutoka kabatini, akaipangusa vumbi kwa upande wa kanga yake na kuiweka chini ya kitanda. "Mwanangu, vaa. Nani atakuona humu ndani zaidi yangu mimi?"

Likizo ya uzazi ni siku 84, na kwangu zilikwisha bado nachechemea. Mguu wa kushoto nao ulikuwa umeanza, kwa sababu ulibeba zamu ya mwenzake. Ni katika miezi hii nilipoteza pesa. Nilinunua soli zenye sumaku kwa shilingi 65,000 kutoka kwa mtu aliyekuwa anazipitisha maofisini akisema zinavuta sumu. Hazina maana yoyote zaidi ya soli ya kawaida, na ile ya kawaida ya mpira laini wa kisigino niliipata baadaye duka la dawa kwa 8,000 na ilinisaidia. Nilipiga picha ya eksirei katika zahanati moja, nikaonyeshwa mfupa mdogo umechomoza kisiginoni kama mdomo wa kuku, nikaambiwa huo ndio adui na huenda ukahitaji kukatwa. Sikulala. Baadaye nilielezwa kwamba watu wengi wana mfupa kama huo na hawajawahi kuumwa hata siku moja, na kwamba mara nyingi siyo wenyewe unaoleta maumivu. Pia nilitakiwa nichomwe sindano kisiginoni. Daktari wa pili akasema sindano hiyo hutuliza kwa muda, lakini ina hatari ya kuuchana utepe au kukonda kwa nyama laini inayokinga mfupa, hivyo tuanze na mazoezi.

Mtoto alikuwa na miezi minne nilipofika kwa mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali kubwa, na nilikwenda kwake mara tatu tu kwa jumla. Bima ilibeba sehemu kubwa, mimi nililipa nauli. Jambo la kwanza aliloniambia lilinivunja nguvu: wengi hupona bila kisu wala sindano, lakini huhesabu kwa miezi, na wengine hufika mwaka. Nilitaka dawa ya wiki. Sasa naona kuambiwa ukweli ule kulinisaidia, kwa sababu nisingekuwa nimeambiwa ningeacha baada ya siku kumi kama nilivyoacha mengine yote.

Akaniuliza nyumbani kuna ngazi? Nikacheka kwa uchungu, nikamwambia zipo 91. Akasema, "Moja inatosha."

Zoezi lenyewe ni hili. Unakunja taulo dogo mviringo, unaliweka ukingoni mwa ngazi, unasimama juu yake kwa sehemu ya mbele ya mguu, vidole vimeinuka juu ya taulo, kisigino kinaning'inia nje. Mkono ukutani. Unapanda juu ya vidole kwa kuhesabu tatu, unakaa juu kwa mbili, unashuka kwa tatu hadi kisigino kipite chini ya ngazi. Mara kumi na mbili, pumzika, rudia raundi tatu. Siku moja unafanya, siku moja unaacha. Nilianza kwa miguu yote miwili kwa pamoja, kwa sababu mguu mmoja ulikataa kabisa. Huwa linauma wakati wa kulifanya, na maumivu madogo aliniambia niyavumilie, ila kesho yake asubuhi yakiwa makali kuliko kawaida nipunguze raundi. Pamoja na hilo niliendelea na kanga ya asubuhi, na kusukuma ukuta mguu mmoja nyuma, kisigino chini, sekunde thelathini, mara tatu goti likiwa limenyooka na mara tatu limekunjwa kidogo. Jioni chupa ya maji ya nusu lita iliyogandishwa kwenye friji ya jirani, naiviringisha chini ya unyayo dakika kumi, nimevaa soksi ili barafu isiniunguze ngozi.

Nilichagua ngazi ya 88 kutoka chini, jiwe bapa mbele ya mlango wa jirani yetu mzee, kwa sababu ukuta wake uko karibu. Nilikuwa nafanya jioni mtoto akiwa amelala. Mwanzoni watoto wa mtaa walinizunguka na kuhesabu pamoja nami. Kutoka pale unaona bati za Mabatini zinavyoshuka, na mbali ziwa. Nakumbuka wiki ya tatu nilitaka kuacha. Hakuna kilichobadilika, mguu unauma vile vile, na nina lundo la madaftari. Yule mzee akatoka, akakaa kwenye kigoda chake akasema, "Leo mbona hujahesabu, mwalimu?" Nikahesabu.

Wiki ya saba niligundua nimekwenda chooni usiku bila kushika ukuta. Sikumbuki hata nilivyokwenda. Mwezi wa saba wa mtoto nikaweza kufanya kwa mguu mmoja. Mbeleko niliiacha kwa zile ngazi. Mtoto alibebwa na baba yake au dada wa nyumbani, na mimi nilibeba mwili wangu tu. Ndoo ya maji tuliamua kumlipa kijana shilingi 500 kwa ndoo siku maji yakikatika, na tulikata kwenye matumizi mengine. Huo ulikuwa uamuzi mgumu kwa mshahara wetu, lakini ukizihesabu zile soli za sumaku, ni ndoo 130.

Kuna aliyeniuliza kuhusu kupunguza uzito. Ndiyo, uzito ukipungua kisigino kinapata nafuu, na mimi kilo tisa zilitoka kwa mwaka mmoja, nikinyonyesha na kula kawaida. Ila nisingependa mama anayenyonyesha ajinyime chakula kwa ajili ya mguu. Na ibuprofeni, ambayo katika ujauzito ningekatazwa, nikinyonyesha daktari alinipa kwa siku tano, akasema katika kunyonyesha inaruhusiwa. Hivyo usiamue mwenyewe kwa kufuata maandishi yangu, uliza, na taja umri wa mimba au wa mtoto kabla hawajakuuliza.

Mtoto alianza kutembea akiwa na mwaka na siku chache. Siku hizo nilikuwa namkimbilia ndani ya nyumba kila anapoelekea kwenye jiko, na jioni moja mume wangu akaniambia, "Unajua umekimbia?" Nilikuwa peku.

Nguvu kamili sina. Nikisimamia mitihani kutwa, kisigino cha kulia kinaniambia usiku, na siku hiyo chupa inaingia kwenye friji. Ngazi ya 88 naifanyia mazoezi mara mbili kwa wiki. Mguu haukurudi 39. Viatu vyangu vya harusi, vyeupe, nilivyovihifadhi kwenye boksi miaka saba, nilijaribu kuvivaa mwezi uliopita na vidole havikuingia. Nimempa wifi yangu. Raba ya Mlango Mmoja imekwisha soli, nimenunua nyingine, na ile ya zamani bado iko chini ya kitanda, upande wangu, kwa ajili ya hatua ya kwanza.